Mtoto anayeugua kila mara: hatua za kubaini upungufu wa kinga wa kuzaliwa nao

Karatasi ya majibu ya picha kamili ya damu ina mstari mmoja ambao wengi wetu huupita. Macho hukimbilia kiwango cha damu kuona kama mtoto ana upungufu, yakashuka kwenye jumla ya chembe nyeupe kuona kama kuna maambukizi, kisha karatasi ikatiwa kwenye faili. Mstari wa limfosaiti, kundi mojawapo la chembe nyeupe za kinga, unabaki palepale, haujasomwa. Kwa mtoto wa miezi mitatu anayeharisha bila kukoma, mwenye utandu mdomoni na nimonia isiyosikia dawa, mstari huo unaweza kuamua kama atafikisha mwaka mmoja.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya tabibu, muuguzi au daktari anayekuwa wa kwanza kumpokea mtoto wa namna hiyo. Mzazi naye anaweza kuusoma na kwenda nao kliniki, maana maswali mengi yaliyomo majibu yake anayo yeye. Ninachozungumzia ni upungufu wa kinga wa kuzaliwa nao: mtoto anazaliwa na kasoro kwenye vinasaba, na sehemu fulani ya kinga yake haipo au ipo lakini haifanyi kazi. Si UKIMWI, ingawa dalili zake zinafanana nao mno. Aina zinazojulikana leo zinazidi 450, lakini idadi hiyo isikutishe. Mhudumu wa kwanza hatakiwi kuitaja aina. Anatakiwa kumshuku mtoto anayestahili kushukiwa, asimdhuru wakati majibu yanasubiriwa, na amfikishe kwa wenye uwezo wa kumalizia uchunguzi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwa masikio, macho, vidole na kipimo kimoja cha damu kilichozoeleka.

Hatua ya 1: Yahesabu maambukizi, kisha uangalie uzito wa kila moja

Watoto wadogo huugua. Mtoto mwenye kinga timamu anaweza kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na zaidi ya hapo akiwa na kaka na dada wanaoleta mafua kutoka shuleni. Ukizingatia kwamba mafua moja yanaweza kukaa wiki nzima na ushee, si ajabu mama kusema mtoto hajapona tangu azaliwe. Huyu hana tatizo la kinga. Katikati ya ugonjwa mmoja na mwingine anapona kabisa, ananyonya, anacheka, na mstari wa uzito kwenye kadi yake unapanda.

Mtoto wa kushukiwa ana sura nyingine. Haya ndiyo yanayotakiwa kukushtua, hata likiwa moja tu:

- nimonia mbili au zaidi ndani ya mwaka, au moja isiyopona kwa matibabu sahihi;
- maambukizi mawili au zaidi ya ndani, kama vile kwenye damu, uti wa mgongo, mifupa au ini;
- masikio kutoa usaha au kuvimba ndani mara 4 au zaidi kwa mwaka;
- miezi miwili au zaidi ya antibaiotiki bila nafuu ya maana, au kila ugonjwa kuhitaji dawa za mshipani;
- utandu wa fangasi mdomoni unaorudi kila dawa inapoisha, au unaoendelea baada ya mwaka mmoja;
- majipu yanayojirudia, hasa ya ndani ya mwili au kwenye tezi;
- kuharisha kwa wiki nyingi pamoja na uzito kusimama au kushuka;
- kimelea ambacho kwa kawaida hakimuumizi mtoto mwenye afya.

Ukimuuliza mama “mtoto anaugua mara kwa mara?” atasema ndiyo, na jibu hilo halikusaidii. Muulize kitu anachoweza kukihesabu: “Mama, amelazwa mara ngapi? Mara ya mwisho alikaa wodini siku ngapi? Sindano alichomwa asubuhi na jioni kwa siku ngapi? Baada ya kuruhusiwa, alikaa nyumbani muda gani kabla hali haijarudi?” Andika kila jibu na tarehe yake. Mara nyingi ukishapanga tarehe hizo kwenye mstari mmoja, ndipo wewe mwenyewe unapostuka, kwa sababu kila mara alionwa na mtu tofauti na kila mmoja aliona ugonjwa mmoja tu.

Angalia pia mahali. Nimonia inayorudi sehemu ileile ya pafu lilelile, au sikio la upande mmoja tu, huelekeza kwenye kasoro ya umbile, kitu kilichokwama kwenye njia ya hewa, au maziwa yanayopitia njia isiyo yake. Upungufu wa kinga hauchagui upande.

Hatua ya 2: Uliza ulianza lini

Umri wa kuanza ni kidokezo kikubwa, na sababu yake inaeleweka kirahisi. Mtoto huzaliwa na kingamwili (protini za damu zinazopambana na vimelea) za aina ya IgG alizopewa na mama kupitia kondo la nyuma, nyingi zikiwa zimevuka katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Zinapungua kwa takriban nusu kila baada ya wiki tatu hadi nne. Kwa hiyo kati ya mwezi wa tatu na wa sita akiba ya mama imekaribia kwisha, na ya mtoto mwenyewe ndiyo kwanza inajengwa. Mtoto njiti huanza na akiba ndogo zaidi, na pengo lake huja mapema.

Kutokana na hapo, mtoto asiyeweza kutengeneza kingamwili hukaa vizuri miezi ya mwanzo, kisha kuanzia nusu mwaka hivi anaanza kupata masikio, nimonia na maambukizi ya damu yanayoletwa na bakteria wenye ganda, kama nimokokasi. Seli T, aina ya limfosaiti zinazoongoza mapambano ya kinga, ni habari nyingine. Mama hampi mwanawe seli hizo za kumlinda, kwa hiyo mtoto asiye nazo huanza kuumwa mapema sana, mara nyingi katika miezi minne ya kwanza, na hushambuliwa na kila kitu kwa pamoja: virusi, fangasi, bakteria. Huo ndio upungufu mkubwa wa kinga wa pande zote, unaojulikana kwa kifupi kama SCID. Ni dharura ya utotoni, na bila matibabu watoto wengi hawafiki mwaka wa pili.

Yule anayepata majipu na vidonda visivyopona tangu wiki za mwanzo, mshuku upungufu wa neutrofili, chembe nyeupe zinazomeza na kuua bakteria na fangasi, au kasoro ya utendaji wake.

Hatua ya 3: Uliza kuhusu ukoo, kwa upole

Hili ni swali gumu kuliko yote, na ndilo linalorukwa zaidi. Funga mlango au mpeleke mama pembeni. Mwambie: “Mama, samahani kwa kukuuliza. Kuna mtoto mwingine uliyempata kabla ya huyu?” Halafu nyamaza. Akisema alikuwepo na hayupo, mpe pole kwanza. Kisha uliza alifariki akiwa na miezi mingapi, aliumwa nini, na kama alikuwa wa kiume. Endelea na upande wa mama: kaka zake, watoto wa kiume wa dada zake. Aina kadhaa za upungufu huu hubebwa na kromosomu X, kwa hiyo mama haumwi lakini huweza kumrithisha mtoto wa kiume. Familia yenye wajomba waliofariki wangali wachanga ina habari ambayo hakuna maabara itakayokupa upesi hivyo.

Uliza pia kama baba na mama wana undugu wa damu. Uliza bila kukunja uso. Wakihisi wanalaumiwa hawatakuambia tena lolote.

David Vetter, mtoto wa Texas aliyezaliwa mwaka 1971, alijulikana kuwa hatarini hata kabla hajazaliwa kwa sababu kaka yake alishafariki akiwa mchanga kwa ugonjwa huohuo. Aliwekwa ndani ya kizimba cha plastiki kisicho na vimelea mara tu alipozaliwa, akaishi humo karibu maisha yake yote hadi alipofariki mwaka 1984. Leo mtoto kama yeye hupandikizwa uboho mapema, na akipandikizwa katika miezi mitatu ya kwanza kabla hajapata maambukizi, uwezekano wa kuishi unazidi 90%. Ndiyo maana nasisitiza muda.

Hatua ya 4: Mwangalie mtoto mwenyewe

Anza na kadi ya kliniki. Usiangalie uzito wa leo peke yake. Fuata mstari tangu kuzaliwa. Uzito uliopanda vizuri hadi miezi miwili, ukasimama, kisha ukaanza kushuka, una maana kubwa kuliko uzito mdogo uliokuwa mdogo tangu mwanzo lakini unaendelea kupanda.

Fungua mdomo kwa kijiti na tochi. Mabaki ya maziwa yanafutika kwa kitambaa na chini yake pako safi. Utandu wa fangasi unang'ang'ania, na ukiukwangua unaacha pekundu panapotoa damu kidogo. Utandu mchache kwa mtoto wa miezi miwili aliyetoka kutumia antibaiotiki si ajabu. Ukiwa umetanda mpaka kooni, mtoto analia akimeza, na umerudi kwa mara ya tatu baada ya dawa, hilo ni jambo jingine. Ukiwa hapohapo, angalia kaakaa kama limepasuka. Kwa mtoto aliyevuka nusu mwaka, tafuta tonsili, kisha papasa tezi za shingoni na kwapani. Mtoto anayeugua mno anatakiwa awe na tezi zilizovimba. Ukikosa tezi na tonsili kabisa kwa mtoto mwenye maambukizi yasiyokatika, andika hivyo kwa herufi kubwa.

Geukia bega lililochomwa BCG. Kawaida panatokea kiuvimbe, pengine kidonda kidogo, na ndani ya miezi mitatu hivi pamepona na kuacha kovu. Kidonda kinachopanuka, tezi ya kwapa iliyovimba na kutoa usaha, au vivimbe vingine mbali na bega vinaweza kuwa ishara kwamba bakteria wa chanjo hawajadhibitiwa. Tezi ya kwapa peke yake huweza kuvimba hata kwa mtoto wa kawaida, ila pamoja na homa na kukonda, mshuku.

Kisha ngozi. Ukurutu mkali kwa mtoto wa kiume, pamoja na vidoa vya damu chini ya ngozi au kinyesi chenye damu, hukumbusha ugonjwa wa Wiskott-Aldrich, upungufu wa kinga wa kurithi unaokuja na chembe sahani chache. Ngozi nyekundu mwili mzima, inayobanduka, kwa mtoto aliyekonda na mwenye tezi na ini kubwa, ni sura moja ya SCID. Kwenye kitovu, uliza kilidondoka lini. Kawaida ni wiki moja hadi tatu. Kikizidi mwezi, na vidonda vya mtoto havitoi usaha ingawa chembe nyeupe ziko juu sana, tatizo huenda ni chembe hizo kushindwa kutoka kwenye mishipa kwenda zinakohitajika.

Usisahau moyo. Kasoro ya moyo ya kuzaliwa pamoja na degedege linaloletwa na kalsiamu kushuka, huelekeza kwenye ugonjwa wa DiGeorge, ambapo thaimasi, tezi ya kifuani ambamo seli T hukomaa, haikukua ipasavyo.

Kifua kina hila yake. Kuna mtoto anayepumua mara 70 kwa dakika, oksijeni 84%, kifua kinaingia ndani kwa kila pumzi, lakini ukiweka kipimio masikioni husikii karibu kitu. Pengo hilo kati ya unachokiona na unachokisikia likufanye uwazie nimonia ya nyumosistisi, inayoletwa na fangasi wa mapafu, na hiyo kwa mtoto mchanga ina maana seli T hazipo au hazifanyi kazi, iwe kwa VVU au kwa kuzaliwa.

Picha ya eksirei ikipigwa, usitazame mapafu tu. Mtoto mchanga anatakiwa kuwa na kivuli cha thaimasi juu ya moyo, kipana, mara nyingine kimechongoka upande mmoja mfano wa tanga la mashua. Pasipokuwa na kivuli hicho kifua cha juu huonekana chembamba kama cha mtu mzima. Thaimasi husinyaa pia kwa ugonjwa mkali na utapiamlo, kwa hiyo kukosekana kwake ni ushahidi wa kuongezea kwenye mwingine, hakutoshi kuhukumu peke yake.

Hatua ya 5: Ondoa yanayofanana

VVU ndiyo kwanza. Chini ya miezi 18 kipimo cha kingamwili kinaweza kusoma kingamwili za mama, kwa hiyo tumia PCR inayotafuta kirusi chenyewe. Kuna mtego wa pili usiozungumzwa sana: mtoto asiyetengeneza kingamwili kabisa anaweza kuonyesha hana VVU kwenye kipimo cha haraka hata akiwa navyo, kwa kuwa kipimo kinatafuta kitu ambacho mwili wake hauwezi kukitoa. PCR haina mtego huo. Na PCR ikitoka haina kirusi kwa mtoto mwenye kila dalili ya UKIMWI, msimruhusu kwenda nyumbani kwa furaha. Hapo ndipo safari ya kutafuta upungufu wa kuzaliwa nao inapoanza.

Utapiamlo mkali hudhoofisha kinga kweli, na kinga dhaifu huleta utapiamlo kweli. Ukishindwa kujua kipi kilitangulia, rudi kwenye tarehe ulizoandika: maambukizi yalianza wakati uzito ungali mzuri, au baada ya lishe kuharibika? Mengine ya kuulizia au kupima ni seli mundu, ambayo huua kazi ya wengu mapema. Figo au utumbo unaovuja protini. Surua ya hivi karibuni, inayofuta kumbukumbu ya kinga kwa muda mrefu. Dawa za steroidi. Kifua kikuu ndani ya nyumba. Na ugonjwa wa moyo unaojaza mapafu maji.

Hatua ya 6: Soma picha kamili ya damu kama ya mtoto

Sasa turudi kwenye ule mstari. Unahitaji idadi halisi ya limfosaiti, na kama mashine imetoa asilimia tu, unazidisha mwenyewe: jumla ya chembe nyeupe mara asilimia ya limfosaiti, gawa kwa 100.

Chukua mtoto wa miezi minne. Chembe nyeupe ni 7,200 kwa kila mikrolita. Limfosaiti 19%. Karatasi haina alama yoyote ya onyo pembeni, na daktari wa zamu anaona kila kitu kiko sawa. Zidisha: 7,200 × 19 ÷ 100 = 1,368. Kwa mtu mzima idadi hiyo inakubalika, na mashine nyingi zimepangiwa viwango vya mtu mzima, ndiyo maana haikupiga kelele. Kwa mtoto wa miezi minne, ambaye anatakiwa kuwa nazo kati ya 4,000 na 9,000 hivi, hiyo ni hatari iliyoandikwa wazi.

Msimamo wangu ni huu: chini ya mwaka mmoja, limfosaiti zikiwa chini ya 3,000, kipimo kirudiwe; zikiwa chini ya 2,500 kwa mtoto mwenye dalili, mchukulie kuwa ana SCID mpaka ithibitike vinginevyo, na uanze hatua ya 7 siku hiyohiyo. Maambukizi makali na steroidi hushusha limfosaiti kwa muda, kwa hiyo kurudia ni lazima. Ila tahadhari zisingojee marudio.

Idadi ya kawaida nayo haimsafishi mtoto. Wengine wana seli B (limfosaiti zinazotengeneza kingamwili) nyingi zinazofunika pengo la seli T, wengine wamebeba seli za mama zilizovuka wakati wa ujauzito. Dalili zikiwa kali, endelea kutafuta.

Ukiwa na karatasi hiyohiyo mkononi, soma mengine. Neutrofili chini ya 500 ni upungufu mkali. Na kwa kuwa kuna aina inayopanda na kushuka kwa mzunguko wa siku 21 hivi, kipimo kimoja kizuri hakitoshi, rudia mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Chembe sahani chache na ndogo kwa umbo kwa mtoto wa kiume: Wiskott-Aldrich tena. Eosinofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zikiwa nyingi pamoja na ngozi nyekundu: ile sura ya SCID niliyoitaja. Omba pia mtaalamu wa maabara aitazame damu kwa hadubini, maana mabaki ya kiini ndani ya chembe nyekundu huonyesha kwamba wengu haupo au haufanyi kazi.

Hatua ya 7: Mlinde mtoto kabla majibu hayajarudi

Hapa ndipo mtoto anaweza kupotea mikononi mwa watu wenye nia njema.

Simamisha chanjo zenye vimelea hai: BCG kama bado hajapata, matone ya polio, rota, surua. Andika kwenye kadi kwa kalamu inayoonekana, na umweleze mama sababu, ili asije akapewa kwenye kampeni ya chanjo. Chanjo zisizo na vimelea hai hazimdhuru. Ndugu zake waendelee na chanjo zao, ila polio wapewe ya sindano, kwa kuwa kirusi cha matone hutoka kwenye kinyesi na kuenea nyumbani. Naomba hili lieleweke vizuri: tahadhari hii ni kwa mtoto mmoja anayeshukiwa. Watoto wengine wote wachanjwe, na wingi wa waliochanjwa ndio unaomlinda huyu.

Akihitaji damu, iwe imepigwa mionzi na kuchujwa chembe nyeupe, na isiwe na sitomegalovirusi, kirusi kinachoweza kuwa hatari kwa mtoto asiye na kinga. Limfosaiti za mchangiaji zikiingia kwa mtoto asiye na seli T hazipati wa kuzizuia, zinamshambulia yeye, na mara nyingi mwisho wake ni kifo. Kama damu ya namna hiyo haipo na maisha yako hatarini, piga simu kwa mtaalamu kabla ya kutundika chupa.

Chukua sampuli za kingamwili na za vinasaba kabla ya kumwongezea damu au kumpa imunoglobulini (kingamwili za wachangiaji zinazotolewa kama dawa). Baadaye utakuwa unapima damu ya watu wengine.

Anza kotrimoksazoli ya kinga dhidi ya nyumosistisi kwa aliyevuka wiki nne hadi sita. Mtenge na wodi yenye watu wengi. Kona ya chumba chenye dirisha na mikono iliyooshwa inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Maziwa ya mama yasikatishwe na mtu yeyote bila ushauri: mtaalamu atapima kama mama ana sitomegalovirusi, kisha waamue pamoja.

Hatua ya 8: Pima kingamwili

Omba IgG, IgA, IgM na IgE, na usome kwa viwango vya umri wake. Chini ya miezi sita, IgG unayoiona kwa sehemu kubwa ni ya mama, kwa hiyo ikiwa nzuri haithibitishi kitu. IgM haivuki kondo la nyuma. Ikiwepo, mtoto ameitengeneza mwenyewe. IgA kuwa chini sana kwa mchanga ni kawaida, asipewe jina la ugonjwa kwa hilo.

Zote zikiwa chini sana kwa mtoto wa kiume aliyevuka nusu mwaka na asiye na tonsili, waza ule ugonjwa wa kutotengeneza kingamwili ambao daktari Ogden Bruton aliueleza mwaka 1952 kwa mvulana wa miaka minane aliyerudiwa na maambukizi ya damu. IgG na IgA chini lakini IgM kawaida au juu, hasa kukiwa na nyumosistisi: kasoro ya seli kushindwa kubadili aina ya kingamwili. IgG iliyo chini kidogo kwa mtoto anayekua vizuri mara nyingi ni ucheleweshaji tu, unaojirekebisha kufikia miaka miwili hadi minne. Anayeweza kuwatenganisha ni kipimo cha mwitikio: pima kingamwili za pepopunda wiki nne baada ya chanjo. Aliyechelewa tu atakuwa amezitengeneza.

Pasipo na vipimo hivi, protini yote ya damu ukitoa albumini inakupa globulini, kundi la protini ambamo kingamwili zimo. Ikiwa ndogo kupita kiasi, una sababu ya kumsafirisha mtoto au sampuli yake.

Hatua ya 9: Vipimo vya mbali, kwa kufuata sura ya ugonjwa

Kwa aliyeonekana kukosa seli T, kinachotakiwa ni saitometri, mashine inayohesabu aina za limfosaiti: CD3, CD4, CD8 kwa seli T, CD19 kwa seli B, CD16 na CD56 kwa seli NK, limfosaiti zinazoua seli zilizoambukizwa. CD3 chini ya 300 kwa mikrolita huelekeza sana kwenye SCID. Kliniki za VVU mara nyingi zina mashine ya CD4. Mtoto mwenye PCR safi na CD4 iliyoporomoka amekwisha kujieleza.

Kwa mwenye majipu ya ini, tezi zenye usaha, stafilokoka au fangasi wa aspajilasi, pima kama neutrofili zake zinaweza kuua: kipimo cha DHR, au kile cha zamani cha NBT, ambapo seli zenye afya hugeuka rangi ya buluu na zenye kasoro hubaki kama zilivyo. Homa ya uti wa mgongo ya meningokokasi inayojirudia huelekeza kwenye kasoro ya komplimenti, protini za damu zinazosaidia kuua bakteria; omba kipimo chake, CH50. Vinasaba vije mwisho, vikiongozwa na haya.

Zipo nchi ambazo hazingojei dalili. Wisconsin ilianza mwaka 2008 kupima watoto wote wanaozaliwa kwa tone la damu la kisigino, wakitafuta chembe za DNA zinazoachwa na seli T zikikomaa ndani ya thaimasi, na kufikia mwisho wa 2018 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yanafanya hivyo.

Hatua ya 10: Barua ya rufaa, na mtoto atakayefuata

Kwenye barua ya rufaa weka tarehe za kila maambukizi, vimelea vilivyooteshwa, uzito wote kutoka kwenye kadi, idadi halisi ya limfosaiti kwa kila kipimo, jibu la PCR, chanjo alizopata na lini, na waliofariki kwenye ukoo. Ukurasa mmoja unatosha. Piga simu pia. Barua hukaa mezani.

Mara nyingine mtoto hatufiki naye. Akiwa mahututi, na wazazi wakiridhia, dondoshea matone ya damu yake kwenye ile karatasi maalumu inayotumika kwa PCR ya VVU ya watoto. Iache ikauke kivulini kwa saa kadhaa, andika jina na tarehe, ifunge kwenye mfuko wenye kifyonza unyevu. DNA iliyokauka hivyo hukaa miaka, na inaweza kusomwa hata baada ya mtoto kuzikwa.

Mama huyo akishika mimba tena, aambiwe mapema ajifungulie mahali penye maabara. Kama kasoro iko kwenye kromosomu X yake, kila mtoto wa kiume ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi; kama imetoka kwa wazazi wote wawili, ni mmoja kwa nne, wa kike na wa kiume sawa. Mtoto akizaliwa, siku hiyohiyo achukuliwe picha kamili ya damu, limfosaiti zihesabiwe, na BCG isubiri mpaka jibu litoke.